Miaka Thelathini Bila Abiria Kupotea: Kadi za Njia za Bwana Praful

Tarehe 30 Juni 1999, saa kumi na moja na nusu jioni, Bwana Praful Thakrar atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia shirika letu dogo la safari hapa Harrow kwa miaka thelathini kamili. Katika miaka yote hiyo alichelewa kazini mara moja tu, na hata siku hiyo alikuja na barua ya stesheni kuthibitisha kwamba kosa lilikuwa la treni.

Bwana Praful alizaliwa Kisumu, na kabla ya kuhamia Uingereza alikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Nairobi. Ndiyo maana hucheka mwenyewe akikumbuka jinsi mtu wa reli alivyopotea kwenye reli siku yake ya kwanza London. Ilikuwa Februari 1968, Wahindi wa Kenya wakikimbilia kuingia Uingereza kabla sheria mpya haijawafungia mlango. Binamu yake alikuwa amemwandikia ashuke Harrow, basi. Hakumwambia kwamba stesheni za Harrow ziko tano. Bwana Praful akashuka ya kilimani, akashuka ya kaskazini, ya magharibi na ya kusini, sanduku mkono huu, kopo la achari mkono ule, mpaka akamkuta binamu yake kwenye ya tano, keshakata tamaa. Aliapa siku ile kwamba yeye akiwa hai, hakuna mtu atakayepotea kwa sababu ya maelekezo mabovu.

Alianza kazi kwetu mwaka uliofuata, na hapo ndipo kadi zilipozaliwa. Wateja wetu walikuwa watu waliotawanyika. Familia iliyotoka Kampala mwaka 1972 ilijikuta kaka yuko Leicester, dada yuko Chicago, na mama yuko hapa Harrow akitaka kuwaona wote. Bwana Praful hakumpa mtu tiketi tu. Alimpa na kadi iliyoandikwa kwa mkono: basi gani, treni gani, ngazi ipi, kona ipi. Kila aliyerudi alihojiwa kama shahidi mahakamani. Mlango wa jengo rangi gani? Ngazi za stesheni ngapi? Ile saa yenye nyuso nne katika ukumbi wa stesheni kubwa ya New York, ukiipa mgongo unaelekea wapi? Kwa njia hiyo, bila kukanyaga Marekani hata siku moja, aliijua mitaa yake kuliko wenyewe. Mgeni mmoja wa Chicago aliingia kuuliza tiketi, akaambiwa ngazi fupi ya kupandia treni yao ile inayopita juu ya vichwa vya watu. Akauliza Bwana Praful ameishi kwao miaka mingapi.

Sasa niseme linalonigusa mimi. Mama yangu, Bi Ummukulthum, na mdogo wake, mjomba Matar, baharia aliyehamia New York, walikuwa hawajaonana tangu 1964, familia yetu ilipotoka Unguja. Mwaka 1974 ikaja habari kwamba Matar atapasuliwa moyo Alhamisi saa kumi alasiri, na daktari hakuwa na ahadi ya kutoa. Alitaka kumwona dada yake kwanza. Mama akasafiri peke yake, Kiingereza chake hakijazi kijiko, kadi ya Bwana Praful kifuani.

Basi lilikuwa sawa, na treni pia. Kadi ikasema akitoka stesheni ya Jackson Heights atafute duka la viatu lenye kiatu kikubwa cha bati juu ya mlango, apinde hapo, hospitali iko mbele. Duka lilikuwa limefungwa na kiatu kimeshushwa. Huku kwetu saa kumi na mbili jioni, kule New York saa saba mchana, Bwana Jaswinder, mwenye shirika, keshashika funguo, simu ikalia.

Mama alikuwa amefuata mstari wa mwisho wa kila kadi: ukipotea, usiongeze hatua, mwonyeshe mtu nyuma ya kadi hii. Nyuma kulikuwa na ombi la Kiingereza, tafadhali nipigie simu namba hii. Akasema, "Kiatu hakuna, baba. Nimetizama kila mlango."

Bwana Praful hakubabaika. Akamwuliza reli ya juu iko upande gani, jua linampiga wapi. Akamwaga droo mezani, akazipata kadi za wateja wawili waliopita stesheni ileile, mmoja akikumbuka duka la dawa, mwingine kanisa lenye mlango mwekundu. Akamhamisha mama kutoka simu moja ya mtaani hadi nyingine, na kwenye simu ya tatu mama akasema, "Naiona hospitali, baba. Usikate, nisije nikaipoteza." Alimshika mdogo wake mkono saa moja na nusu nzima kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Matar akapona.

Sisi tulishangilia. Bwana Praful aliinamisha kichwa akasema kosa ni lake, ameegemea alama moja. Tangu siku hiyo kila kadi ina alama tatu, na moja lazima iwe kitu kisichohamishika. Na kila tulipomhimiza naye asafiri, jibu lilikuwa hilohilo: akiondoka yeye, nani atashika simu?

Bwana Praful, zawadi yako unaijua: tiketi ya New York, tarehe 14 Julai. Kadi yako tuliiandika wenyewe, nawe ukaturudishia imejaa wino mwekundu, kwa sababu ngazi tuliyokupitisha imefungwa miaka miwili sasa. Tumeiandika upya. Alama ya tatu ni mjomba Matar mwenyewe, mwenye miaka sitini na tisa, ambaye ameapa kusimama pale kiatu kilipokuwa na hahamishiki mpaka akuone. Mama yangu leo yuko safu ya mbele katika hafla hii ya kukuaga, na hajaomba kadi kuja hapa.

Tunakushukuru kwa kila mtu aliyefika. Nenda salama, na uzee wako uwe wa raha na mitaa mipya. Ukipotea, usiongeze hatua. Simu naishika mimi.

Mardhiya Abdulwakil, kwa niaba ya wafanyakazi wote