Dawati Lililobaki Tupu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa bodi ya shule, ndugu walimu, wazazi na wanafunzi. Na wewe Fundi Saa, uliyewekwa kule nyuma mlangoni ili kiti chako cha magurudumu kisizibe njia: nawasalimuni nyote.

Mmeniita nikate utepe wa njia hii ya mteremko kwa sababu, kasema mshereheshaji, mimi ndiye mwalimu mkuu "aliyewafungulia walemavu milango". Hongereni kwa kujua kupamba. Njia yenyewe mmeipamba kwa vyungu vya maua hadi kiti hakipiti. Na jukwaa hili lina ngazi tano! Vijana wanne wamenipandisha na kiti changu cha magurudumu kama kabati linalohamishwa, huku Mwenyekiti akiwaonya, "Msimwangushe mzee kabla hajahutubia." Nikishahutubia, je, ruksa?

Msicheke sana. Daktari amenihesabia miezi, si miaka, nami sitaki kuzikwa na sifa za uongo.

Miaka arobaini iliyopita, mama mmoja alipanda ngazi za ofisi yangu akiwa amembeba mgongoni binti wa miaka kumi na mitatu, aliyeongoza mtihani wa kuingia shule hii. Nikamwambia, "Mama, nafasi zimejaa."

Akachungulia darasa la jirani. "Mbona dawati lile la mbele halina mtu, mwalimu?"

"Lina mwenyewe," nikajibu.

Uongo mtupu. Mwaka mzima niliweka juu yake kasha la chaki. Chaki, ndugu zangu, ilipata elimu ya sekondari!

Nilikuwa na shahada mbili. Haya na aibu sikuwa nazo. Ni nini kilichonishinda kulihamishia darasa lile chini? Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Niliona ni usumbufu, basi.

Binti yule ndiye Fundi Saa. Nusu ya saa mlizovaa humu zinatembea kwa sababu ya mikono yake, na bado mmemkalisha mlangoni. Mwanangu, sikuombi msamaha hapa; mbele ya umati huu ningekuwa nakutegea mtego. Nasema tu nilichokufanyia, wakisikia.

Utepe sikati. Ondoeni vyungu kwanza. Kisha nishusheni, nikakae kule nyuma kando yake, akinikubalia. Akisema nafasi zimejaa, msimbishie.

Asanteni kwa kunivumilia.