Damu ya Bi Darubini

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mama wa maabara aliyetutoka wiki mbili zilizopita kwa ugonjwa wa ini. Wenzake walimwita Bi Darubini, na jina lilimkaa, maana alichungulia kila kitu. Hata chai hakunywa kabla ya kukagua kikombe.

Alikuwa na mazoea yake. Likifunguliwa boksi jipya la vipimo vya homa ya ini B, alijichoma kidole yeye kwanza. Damu yake ilijulikana kuwa safi. Ukitoka mstari mmoja, kipimo kizuri, wagonjwa waingie. Alifanya hivyo miaka tisa.

Siku moja ikatoka mistari miwili. Akasonya, akatupa boksi zima. La pili, miwili. La tatu, miwili. Akaketi kuwaandikia barua kali walioleta vipimo. Mwenzake wa zamu akasema, "Dada, hebu na mimi nijichome." Kwake ukatoka mmoja. Barua ile haikumalizika.

Vipimo vilikuwa vizima, wasikilizaji. Mgonjwa alikuwa yeye.

"Mama alilia siku mbili," binti yake ameniambia. "Ya tatu akanunua daftari." Humo aliandika majibu ya damu yake mwezi kwa mwezi. Na mimi nilidhani kirusi ndicho kinachotafuna ini, kumbe sivyo. Askari wa mwili wenyewe ndio wanaoliumiza, wakikisaka humo ndani. Ini likiumia, vimeng'enya vyake huvuja kwenye damu. Vikipanda, Bi Darubini alisema, "Leo wanapigana." Vikishuka hakushangilia, kwa sababu kirusi kinaweza kuwa kipo, kimetulia tu. Na kwake kilikuwepo. Miezi sita ikapita, hakikutoka. Dawa zikampa miaka kumi na moja.

Tangu wiki ile ya kwanza alikuwa amewapima watu wa nyumbani. Binti hakuwa nacho, akachanjwa sindano tatu. Lakini majibu ya mumewe, fundi cherehani, yalikuwa ya ajabu. Kirusi hakuna. Kingamwili ipo, tena ile ambayo chanjo haileti, ya mtu aliyeingiwa na kirusi chenyewe. Na ilikuwa ya aina inayotokea ugonjwa ukiwa wa juzijuzi. Narudia: kilimwingia mume kwanza, kikamtoka. Kwa mke kikabaki.

Sasa mwanamke huyu mdadisi, anayehoji hata kikombe, angesema nini? Nilimfuata fundi dukani kwake. Alizungumza bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Aliyasoma mara mbili," alisema. "Akaniambia, 'Baba watoto, wewe umepona.' Akaenda kuandaa chakula."

"Hakukuuliza ulikipata wapi?"

"Hakuniuliza. Miaka kumi na moja nilingoja aniulize. Ningemwambia ukweli."



Fundi, binti, na nyote wa maabara, poleni sana. Msiba wenu umetugusa. Wasikilizaji, kapimeni damu, na wasio na kirusi wachanjwe. Na kama kuna jambo unangoja mwenzio akuulize, mwambie leo. Fundi ndiye aliyeniomba nilisome hili hewani, kwa sababu yule wa kuambiwa hayupo tena.