Profira Bostan na Mlango wa Ghala la Divai

Wasikilizaji wapendwa, wekeni kando kazi za mikono kwa kitambo kidogo, mnikaribie.

Juzi, katika kijiji cha Valea Gutuii, tulimzika Mama Profira Bostan, mwenye kiwanda kidogo cha divai. Amefariki kwa uzee, kitandani mwake, mkwewe Agafia akiwa amemshika mkono. Nalitamka neno hilo, kitandani, kwa makusudi. Katika jamaa yake si wote waliojaliwa kufa kitandani.

Wapo waliomwita mwoga. Ni kweli, alikuwa mwoga. Kitu kimoja alikiogopa maisha yake yote, nacho ni hewa ya ghala la chini wakati divai inapochemka. Ninyi mnayajua haya. Zabibu zilizosagwa huchemka zenyewe mapipani, pasipo moto. Hutoa hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, nayo hutuama sakafuni kama maji. Aingiaye humo huanguka kabla hajapata kupiga ukelele.

Profira alikuwa msichana baba yake alipoanguka hivyo. Baba yake mdogo akakimbia kumwokoa, naye akaanguka juu yake. Mmoja aliuawa na hewa. Wa pili aliuawa na upendo.

Hakusahau. Alipoanzisha kiwanda katika miaka ile migumu, mashamba ya umoja yalipovunjwa na kila nyumba ikapewa vipande vyake vya mizabibu, aliweka sheria kabla hajanunua pipa la kwanza. Asishuke mtu asiyefungwa kamba kiunoni. Asishuke mtu pasipo mshumaa, kwa maana mshumaa huzimika kabla ya mwanadamu. Na aliyeanguka asifuatwe mpaka hewa ibadilishwe. Feni kubwa ya umeme aliiweka mlangoni, na kando yake mashine kuukuu ya kupepetea ngano, ya kuzungushwa kwa mkono, yenye bomba la turubai lililofika hadi sakafuni.

Majirani walicheka. "Profira, unapepeta divai sasa? Makapi yake utawapa kuku?"

Naye alijibu, "Cheka ukiwa juu, jirani. Kule chini hakuna anayecheka."

Viwanda vidogo vya jamaa vilikuwa vingi siku zile. Vingi vilikufa. Mwenye kiwanda alishindwa kumwambia shemeji yake "hapana." Alishindwa kumkemea binamu aliyelewa kazini. Profira aliweza. Vibarua walimwogopa, nao walirudi makwao wazima kila jioni, na divai yake ikawa safi mwaka baada ya mwaka. Lakini, wasikilizaji wapendwa, sheria yake ilikuwa ya vibarua. Mwanawe wa pekee, Ilie, hakuihesabu kuwa yake.

Ikafika Oktoba moja. Bwana Pascari, mnunuzi wa maduka ya Chişinău, mji wetu mkuu, alikuja mchana kuonja divai. Kama angeridhika, kiwanda kingesimama imara. Kama angeondoka, wangeuza mizabibu. Kila mtu mezani alilijua hilo. Ilie alilijua kuliko wote.

Walikula mamaliga, ugali wetu wa mahindi, na jibini la kondoo. Kisha mgeni akaifuta midomo yake.

"Haya, Mama Profira. Tushuke."

"Mwezi huu ghala langu halipokei wageni, Bwana Pascari. Divai itakufuata hapa hapa."

Mnajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Mgeni asiyeshushwa ghalani ni kama mgeni aliyesimamishwa nje ya lango.

Pascari akacheka. "Loo! Nyumba inayoficha ghala lake inaficha siki!"

Ilie akawa mwekundu hadi masikioni. Mama yake alikwenda jikoni kuchukua nyama. Mchana huo umeme ulikuwa umekatika, na feni imenyamaza. Ilie akachukua jagi, akachukua na tochi.

Agafia, mkewe, akamwita, "Ilie! Kamba!"

"Mimi ni ndama, nifungwe kamba mbele ya mgeni? Nateka jagi moja tu, mke wangu. Kaa ule."

Alichukua tochi, wala si mshumaa. Tochi haizimiki kwa hewa mbaya. Tochi haimwonyi mtu.

Walisikia nyayo zake zikishuka ngazi. Wakasikia jagi likivunjika. Baada ya hapo hawakusikia kitu.

Walipofika mlangoni, mwanga wa tochi ulikuwa ungali unawaka kule chini, umelala sakafuni, ukimulika kiatu chake. Kiatu hakikutikisika.

Agafia akaruka. Kumbe Profira amekwisha kusimama mlangoni, mikono yote miwili ameitandaza kwenye miimo.

"Nipishe, mama! Ni mume wangu!"

"Ni mwanangu. Hupiti."

"Atakufa!"

"Na wewe ukishuka, wajukuu wangu wabaki na nani? Zungusheni mashine! Bwana Pascari, vua koti, zungusha!"

Agafia alimwuma mkono hadi damu ikatoka. Profira hakuuondoa mkono ule. Pascari alizungusha mashine huku analia kama mtoto. Wakateremsha mshumaa kwa uzi, ukazimika. Wakazungusha. Wakateremsha tena, ukazimika. Kule chini tochi iliendelea kuwaka. Bwana Pascari aliniambia hivi: "Mwanga ule ndio ulionitisha kuliko giza. Ulituonyesha kwamba hapumui, nasi tumesimama."

Mshumaa ulipokubali kuwaka, Profira alijifunga kamba mwenyewe, akashuka, akamfunga mwanawe. Wakamvuta juu. Ilie alikuwa amekwisha kufa.

Kijiji kilimwita jiwe. Mazishini walinong'ona, "Mama gani huyu, amemtazama mwanawe akifa." Agafia hakumwita mama majira yote ya baridi. Vibarua walitaka kuondoka. Profira akawakusanya uani, mkono ungali umefungwa kitambaa.

"Sheria yangu ilikuwa na tundu moja," aliwaambia. "Tundu hilo lilikuwa na jina la mwanangu. Nilimkataza kibarua, nikamnyamazia mtoto wangu. Tangu leo hakuna mwana wa nyumba hapa. Mtu wa kwanza kufungwa kamba ni mimi."

Hakuondoka hata mmoja. Na Bwana Pascari alirudi majira ya kuchipua, akanunua, na ananunua hadi leo. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa kifupi: "Mtu aliyeushika mlango ule hawezi kunichanganyia maji kwenye divai."

Agafia ndiye anayekiongoza kiwanda sasa. Nilimkuta baada ya maziko, macho yamevimba.

"Nilimchukia, mzee wangu. Nilimchukia sana. Siku binti yangu alipoolewa, nilimtazama akicheza, nikafikiri: huyu angekuwa yatima wa baba na mama. Nikaenda jikoni, nikaubusu ule mkono niliouuma. Akaniambia, 'Acha ujinga, mwanangu, supu inaungua.'"

Kwako Agafia, kwa watoto wako, na kwa wafanyakazi wote wa nyumba ya Bostan, twawapa pole. Mwenyezi Mungu amweke Profira pahali pa nuru, karibu na mwanawe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini. Kila mmoja wenu mwenye karakana, duka au kiwanda ajiulize ni nani nyumbani mwake asiyeguswa na sheria. Huyo ndiye utakayemzika. Leo ni Oktoba. Saa hii ninapozungumza, divai inachemka chini ya sakafu zenu, na mgeni yuko mezani, anashika kofia, anasema tushuke. Fungeni mlango. Mwacheni akasirike. Mgeni aliyekasirika bado anapumua.