Sentensi ya Mwisho ya Mwalimu Kamusi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya mama yetu, ambaye hana nguvu ya kusimama, nawasomea maisha ya baba yetu, mwalimu mliyemwita Kamusi, naye akajifanya hapendi.

Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu, akasoma hadi chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1974, na tangu hapo hadi kustaafu alifundisha Kiingereza, hasa kile cha vitabu vya kale, chenye sentensi zinazoanza ukurasa huu na kuishia ule. Alituambia kwamba mtu aliyeandikwa humo kuwa "amelipa deni la maumbile" hakudaiwa dukani, amekufa tu, kwa hiyo kabla ya kukimbilia kamusi tutazame nani anasema na anamwambia nani. Fungu gumu aliwatuma wanafunzi wakalijadili nje, barazani, wakikubaliana ndipo warudi na jibu moja, na sisi watoto wake watatu tulilelewa hivyohivyo, hata ugomvi wetu tuliumalizia nje.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 8 Desemba 1979. Mama hakujua Kiingereza, na Baba hakuwahi kumsemesha kwa lugha hiyo, akisema nyumbani si darasani.

Tarehe 3 Machi mwaka huu alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya Kiswahili chote, kikamwachia vipande vya vitabu alivyovijua kwa ghibu. Mama alimwomba, "Mume wangu, sema na mimi," akajibiwa maneno asiyoyaelewa, akageukia ukutani akalia, na sisi maji yakatufika shingoni, maana Kiingereza chetu ni cha ofisini. Daktari alitueleza kuwa huenda maneno hayo yanamtoka tu bila kukusudia, lakini nani angekubali?

Alasiri ya tarehe 19, hospitalini, Baba alishika kurudia sentensi moja ndefu, huku ameng'ang'ania mkono wangu. Tulimwita mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mhadhiri, akaisikiliza, kisha, tusije tukamsumbua mgonjwa, tukatoka sote kwenye korido kuijadili, Mama naye akatufuata. Mmoja alisema ni mahubiri, mwingine akasema ni wosia, mdogo wetu akauliza kitenzi kiko wapi. Mwishowe mhadhiri alijifuta uso, akasema, "Anasema tusitoke. Ni mtu anayeaga, anawaomba walio chumbani wakae naye, hata kama hawana la kusema."

Tulirudi mbio. Alikuwa ameshakata roho, peke yake, na mkono wake ulikuwa bado una joto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutulazia watoto, walimu wenzake waliokuja kila siku, na wewe mhadhiri, tafadhali usijilaumu, maana tulitoka wote. Nilikuwa na mengine ya kusoma, lakini Mama ameniomba niache, tukae naye kidogo kabla hajaondolewa hapa. Baba, pumzika kwa amani, tupo.