Bata Wanaoazimwa Siku ya Ukaguzi

Mgeni rasmi, Mkuu wa Ukaguzi wa Mazingira, meneja wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa, ndugu wananchi:

Tunamshukuru Mungu aliyetuamsha salama. Tunaanza na swali ambalo jirani alimuuliza mjane mwenzetu, mfugaji wa bata, alipomwona akiwasindikiza bata wake hadi geti la kiwanda: "We mama, hao bata wameajiriwa?"

Mjane akajibu, "Vibarua tu. Wanaitwa kila baada ya miaka mitatu."

KARIBU

Karibu sana. Tumeambiwa leo utaamua kama kiwanda kipewe kibali kipya cha kumwaga majitaka mferejini. Ukitia saini, wewe utarudi ofisini. Saini itabaki na sisi miaka mitatu.

HISTORIA FUPI

Kibali kinapokaribia kwisha, kiwanda hujiandaa kama bibi harusi. Ukuta hupakwa chokaa. Maua hukodishwa, yakiwa kwenye vyungu ili yasipate tabu kurudi. Mtambo wa kusafisha maji, uliolala chini ya turubai siku zote hizo, huamshwa. Mwisho huazimwa bata wa mjane, waelee kwenye bwawa la majitaka, mkaguzi aone maji hayana neno.

Mara ya kwanza bata walirudi wakiwa bluu. Mjane aliwasugua kwa sabuni siku mbili, akawaombea, wakabaki bluu. Mara ya pili walikwenda wanane, wakarudi watano, na hao watano wakagoma kutaga. Meneja alisema wana mawazo.

MAFANIKIO

Hatukosi la kushukuru. Vijana wetu wengi wana kazi humo. Watoto wa chekechea wanajua rangi zote bila chati, wanachungulia mferejini tu. Wiki iliyopita maji yalipita maangavu siku nne mfululizo. Tulishtuka! Bibi mmoja alikimbilia getini kuuliza nani amefariki. Kumbe ni wewe unakuja.

CHANGAMOTO

Ukiondoka, rangi inarudi. Kisima cha mjane kiko hatua ishirini kutoka mferejini. Wajukuu wake wawili wanajikuna mpaka darasani, na mwalimu amewakalisha dawati la peke yao. Hilo hatulichekei.

MAOMBI

Hatuombi kiwanda kifungwe, maana watoto wetu wanakula humo. Tunaomba mtambo uwashwe kila siku. Turubai tupewe sisi, tuna banda linavuja. Tena, mgeni rasmi, siku nyingine usitangaze unakuja. Tokea tu kama mvua. Mpaka hapo, tunaomba kalamu yako ipumzike mfukoni.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe, nyumba yako na mkono wako wa kutia saini.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama Wafugaji, Mtaa wa Mferejini.

NYONGEZA, IMEANDIKWA LEO ASUBUHI

Huenda unashangaa bwawa halina bata. Jana afisa wa kiwanda alifika kwa mjane na gunia.

"Shikamoo, mama. Nimewafuata wale wafanyakazi wetu."

"Marahaba, mwanangu. Wapo, wamenenepa." Akampa kiti, akamwekea beseni la maji mbele yake. "Nawa uso kwanza, umetoka juani. Kisha tutawakamata wote."

Afisa akainama, akasita. Maji yalikuwa na wekundu kwa mbali. "Mama nawe una vituko! Maji gani haya?"

"Ya kisima changu. Ndiyo ninayowaogeshea wajukuu. Bata wangu unawapeleka kwenye bwawa yanakotoka haya, waogelee kutwa nzima. Wewe nawa uso tu, baba. Wala sikwambii unywe."

Wajukuu wakasogea mlangoni kutazama, mmoja akijikuna shingo. Afisa aliangalia beseni, akaangalia shati lake jeupe, akamwangalia yule mtoto. Akalikunja gunia lake tupu mara nne, akaliweka kwapani, akatoka.