Mzee Mwishehe, Karani wa Mapatano ya Kurui

Tarehe 30 Juni 1953 Mzee Mwishehe Matano anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja akiwa karani wa baraza la Kurui. Nimekaa naye meza moja miaka kumi na minne, na ameniomba nisimpambe.

Aliajiriwa mwaka 1922, mapatano yalipotiwa sahihi. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, wanaume wengi wa Kurui walikimbilia msituni wasikamatwe kuwa wapagazi. Askari wa jumbe waliwawinda, nao wakawa wanawavizia askari hao. Kwa miaka minne majirani waliuana. Mapatano yalisema mashamba yarudishwe kwa wenyewe, na atakayeonyesha alipomzika mtu hatashtakiwa.

Mashamba aliyamudu. Alizunguka kwa baiskeli isiyo na breki, mbuzi wakakimbia wakisikia kengele yake tu. Koo mbili zilizogombea bonde moja miaka sita alizipatanisha kwa asubuhi moja: aliwaketisha juani mpaka wakachoka.

Makaburi yalimshinda. Mwaka 1924 Kitwana, aliyekuwa askari wa jumbe, alifika mezani kwake.

"Karani, kaka yako Saburi nilimpiga risasi mimi. Yuko nyuma ya mihogo ya Mwanne."

Mwishehe aliyaandika yote, akamsomea, akampa mkono. Siku ya tatu Saburi alifukuliwa, akazikwa kwa heshima.

Wiki iliyofuata Bwana Shauri mpya, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliyasoma maandishi hayo, akaamuru Kitwana akamatwe. Mwishehe alikwenda Kisarawe, makao makuu ya wilaya, kumtetea mtu aliyemuua kaka yake.

"Karatasi yenu ni ya mashamba," Bwana Shauri alimjibu. "Mauaji ni mauaji."

Kitwana alinyongwa. Mama yake Mwishehe hakusema na mwanawe tena mpaka alipofariki, kwa kuwa alimtetea muuaji. Mwanajuma, mjane wa Kitwana, anaamini hadi leo kwamba mumewe alitegwa na karani.

Tangu hapo hakuna aliyekuja kukiri. Kila Jumatatu, miaka ishirini na tisa, Mzee Mwishehe aliketi akingoja hadi adhuhuri. Watu arobaini na watatu hawajulikani walipolala, na wanaojua wanakufa mmoja mmoja.

Mzee wetu, ahsante kwa kungoja. Tunakutakia afya njema na usingizi mtulivu huko Sofu, kwa binti yako Mwamini.

Ameniagiza niongeze hili: mwenye neno amfuate huko. Hataandika chochote.