Mzee Mshamu Kondo, Mwitaji wa Mikokoni kwa Miaka Thelathini na Mmoja

Alhamisi hii, tarehe 12 Septemba 1907, mwezi nne Shaaban, Mzee Mshamu Kondo anashuka mashuani kwa mara ya mwisho. Ametumika katika kambi hii ya boriti, hapa kwenye milango ya Rufiji, miaka thelathini na mmoja. Kesho kutwa anakwenda Mahege kulima mpunga. Wakata boriti wenzake wameomba maneno haya yaandikwe na kusomwa mbele ya pilau, kabla watu hawajashiba na kusinzia. Aliyepewa kalamu ni mtu wa bara, aliyesoma miaka miwili tu na mwenye mikono iliyovimba kwa shoka, kwa hiyo msitafute mapambo. Lakini furaha ipo, tena tele, maana si kila siku mtu wa kazi hii huondoka akiwa mzima, na vidole vyake vyote kumi.

Mzee Mshamu alianza kazi mwaka 1876, enzi za matajiri wa Kiarabu, akiwa kijana mwenye nguvu na sauti kubwa. Nguvu ilimfanya mkata. Sauti ikamfanya mwitaji. Kwa wageni waliokuja kula tu, kazi yenyewe ni hii: maji yakipwa, wakata huingia mikokoni kwa miguu, kila mtu na shoka lake, na msitu ule ni mnene hata mwenzako akiwa hatua kumi humwoni. Mwitaji hubaki mashuani akitazama maji. Kila baada ya muda huita majina, na kila mkata huitikia "Ee!" Asiyeitikia hufuatwa. Maji yakianza kujaa, mwitaji huwatoa wote. Bila yeye, bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, humkuta mtu ndani.

Sifa zake nyingine mnazijua. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa kula kaa. Hakuna aliyeweza kulala chumba kimoja naye kwa sababu ya kukoroma. Na Idi ile alipovaa kanzu mpya nyeupe, akasimama mashuani kumwamkia Bwana Miti, mkubwa wa misitu wa serikali, kwa adabu zote, mashua ikatikisika, na adabu zote zikaingia topeni. Aliibuka mweusi mpaka masikioni, akaendelea na salamu pale alipoishia. Bwana Miti, Mdachi asiyecheka, siku hiyo alicheka.

Lakini leo hatumuagi kwa ajili ya kaa wala kanzu. Tunamuaga kwa jambo alilolianza mwaka wa vita vya Maji, nalo lilianza kwa kosa lake mwenyewe. Ameruhusu lisemwe. Alisema, "Andika lote. Ukinipamba nitachana karatasi."

Agosti 1905 habari za vita kutoka Matumbi zilifika hapa. Kila mtumbwi ulileta habari yake: leo vijiji vimechomwa, kesho askari wanakuja, keshokutwa wapiganaji wako ng'ambo ya mto. Watu waliacha kula. Mwingine akisikia tawi limevunjika, anaangusha shoka. Ndipo likatoka neno kwamba ukipaza sauti msituni, wa upande huu watakudhania adui, na wa upande ule pia. Tukashauriana, na Mzee Mshamu akakubali: tusiitane. Kila mtu aingie kimya, na maji yakimfika magotini atoke mwenyewe.

Mkata boriti anayefanya kazi kimya ni kituko ambacho hakikuwahi kuonekana huku. Woga ulitufanya tuache kitu kile kile kilichokuwa kinatulinda.

Siku ya bamvua zilikwenda mashua mbili. Kibwana, kijana wa upande wa Chumbi, mchapakazi na mwenye mzaha, aliingia ndani sana, palipoinuka kidogo. Maji hayakumfika magotini upesi. Alipotoka, mashua zote mbili zilikuwa zimeondoka. Kila mashua ilidhani yuko kwenye nyingine. Adhuhuri tulipofika kambini tukagundua hayupo. Mzee Mshamu aligeuza mashua pale pale, akaingia mkondoni akiita kwa sauti ambayo hata mamba aliisikia. Jibu hakuna. Tulimkuta alasiri imekwisha, juu ya mti wa mkomafi, maji yakipita chini ya nyayo zake. Alikuwa ametusikia tangu mwanzo. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka.

Baada ya siku hiyo Kibwana hakuweza kuingia mikokoni. Alifika ukingoni, akatia mguu topeni, jasho likamtoka, kifua kikaenda mbio kama cha mtu aliyefukuzwa, akarudi. Wali haukumpita kooni. Akawekwa kambini kumenya maganda ya boriti pamoja na wagonjwa. Wenzake, Mungu atusamehe, tulimtania.

"Kibwana, mikoko imekupa talaka?" aliuliza Abdulkarimu.

"Talaka tatu," akajibu Kibwana, lakini hakuinua uso.

Mwalimu wa kambi alimsomea dua na kumpa kombe, aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, anywe. Akatulia siku moja, ya pili hofu ikarudi. Kisha Bwana Miti akasikia kuna kijana mwenye afya ambaye hataki kuingia kazini, na siku zile za vita Wadachi walihesabu kukataa kazi kuwa uasi. Akatangaza kwa ufupi wake: "Bamvua lijalo, kila mtu ndani. Asiyeingia ni mtu wa Maji. Bomani." Nasi tulikuwa tumeona wawili wakipelekwa bomani kwa mnyororo kwa shutuma hiyo. Hawakurudi. Kutoka bamvua moja hadi jingine ni siku kumi na nne, na mbili zilikuwa zimekwisha.

Mzee Mshamu akaanza kumtibu kwa njia ya wazee wengi, yaani maneno. Alimkalia Kibwana tangu alfajiri. Jikaze, wewe mwanamume. Mbona mimi mwaka fulani nilifukuzwa na kiboko na sikulia. Mfikirie mama yako. Kijana alizidi kunywea. Siku ya tatu Bi Sikudhani, mpishi wetu, alipita na chungu chake, akasimama.

"Babu Mshamu, weye wamsemesha tangu juzi. Yeye kasema neno gani?"

"Hata moja."

"Basi ugonjwa uko kwake, au uko mdomoni mwako?"

Watu waliangua kicheko, na Mzee Mshamu naye akacheka. Lakini neno lilimwingia. Kesho yake alichukua kisu, akakaa kando ya Kibwana, akamenya maganda naye asubuhi nzima bila kusema kitu. Kwa mtu yule, bora mngemwambia afunge mwezi mzima. Siku iliyofuata akafanya hivyo hivyo. Adhuhuri akauliza swali moja tu.

"Kinakushika wapi?"

Kibwana akaweka mkono kifuani. "Hapa. Kisha kinapanda kooni."

"Kinaanza lini?"

"Nikisikia kafi."

Sote tulidhani kijana anaogopa maji, au wapiganaji, au risasi. Hakuogopa hata kimoja. Alichokiogopa ni sauti ya makafi yakiondoka. Siku ile aliyasikia, yuko hatua chache nyuma ya miti, akashindwa kuita kwa sababu tulikubaliana tusiitane. Alipolisema hilo alilia kama mtoto, na Mzee Mshamu hakumwambia anyamaze.

Alimwambia, "Niliondoka miye. Kazi yangu ni kuita, nami nilikubali tusiite. Kosa si lako, mwanangu. Wala si woga wako. Ni langu."

Kibwana akajifuta uso, akasema, "Babu, weye wanuka kaa."

Hapo tukajua amepona robo.

Robo tatu zilizobaki zilikwenda polepole, kwa siku zilizobaki. Siku ya kwanza walikwenda mpaka ukingoni tu, wakakaa, wakarudi. Siku ya pili miguu topeni. Siku ya tatu miti mitano ndani. Kifua kilipoanza kwenda mbio, Mzee hakumwambia asiogope. Alimwambia avute pumzi taratibu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, na aweke kiganja kwenye mti ulio karibu na autaje. Huu mkandaa, ganda lake jekundu. Huu mchu, unatoa chumvi majanini. Huu msinzi. Mtu anayetaja kilicho mkononi mwake, alisema, akili yake haina nafasi ya kukimbilia Matumbi. Siku ya tano Kibwana alikimbia, akarudi kambini peke yake, akajifunika shuka. Tukasema yamekwisha. Mzee akasema, "Jana alifika miti thelathini. Hiyo thelathini haijafutika." Kesho yake wakaanza tena na mitano.

Na jambo jingine: aliturudisha sisi sote kwenye kuitana. Akasema kama kuna mtu atakayetupiga risasi kwa kuitana majina, basi atupige, kuliko kuachana msituni mmoja mmoja. Mwitaji akarudi kuwa mwitaji.

Bamvua likafika. Bwana Miti alikuja mwenyewe, na askari wawili wenye mnyororo, akaketi kwenye mashua yetu. Wakata tukaingia, na Kibwana katikati. Mzee Mshamu akaita jina la kwanza, la pili, la tatu. Wote "Ee!" Akaita, "Kibwana!"

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Askari mmoja akasimama. Nasi tuliokuwa ndani tulishika mashoka bila kukata. Aliyekuwa karibu naye anasema alimwona ameganda, mdomo wazi, kama juu ya ule mkomafi.

Mzee hakuita mara ya tatu. Kwa sauti kubwa lakini tulivu, kama ya mtu anayeulizia chumvi, aliuliza, "Mwanangu, umeshika nini?"

Tukasubiri. Kisha kutoka ndani kabisa ikaja sauti ndogo yenye mikwaruzo: "Mchu!"

"Na pembeni?"

"Mkandaa!" Sauti imekua.

"Na wa mbele?"

"Mlilana, babu! Mkubwa, wafaa mlingoti!"

Sasa sijui nani alianza, lakini Abdulkarimu akapiga kelele upande wake, "Miye nimeshika msinzi!" Mwingine, "Mkoko!" Mwingine, "Nimeshika siafu, nisaidieni!" Msitu mzima ukalipuka kwa majina ya miti na vicheko, baada ya siku zile zote za kunong'ona kama wezi. Ndege waliruka mpaka ng'ambo. Bwana Miti akauliza watu hawa wamepatwa na nini. Mzee Mshamu akamjibu kwa heshima, "Wanakagua miti yako, Bwana." Mdachi akatikisa kichwa kuonyesha kuridhika. Askari akaketi. Kibwana akatoka na boriti zake kabla maji hayajafika magotini, matope mpaka kifuani, meno yote nje.

Mnyororo ulirudi bomani mtupu.

Habari hiyo ilitembea mpaka Bungu na Kibiti. Vita vilipotulia na njaa ikafuata, watu walikuja kambini kutoka vijiji vilivyoungua, wengine wakitafuta kazi, wengine wakimtafuta Mzee tu. Bi Tatu, aliyefiwa na mume katika moto huo na hakuweza kuingia nyumba yoyote yenye makuti, alikaa naye siku nyingi nje, jua kali, akisuka ukili. Leo analala ndani. Mzee hakumpa mtu dawa. Alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, hafumbi macho, hamkatizi mtu, wala hampi kisa cha kiboko, ingawa kinamuwasha ulimini. Yaliyomzidi aliyapeleka kwa mwalimu au kwa mganga, bila aibu. Na hakufaulu kwa wote. Yuko mmoja alikaa naye siku sita, ya saba akatoroka na mtumbwi, mpaka leo hatujui aliko. Mzee humtaja katika dua zake kila Ijumaa. Tunaliandika hili kwa sababu alisema tuandike lote.

Wengi wetu hapa tuko mbali na kwetu. Tumechoka, na barua haziji. Tulifundishwa kwamba mwenye mawazo anyamaze mpaka yamwishe. Mzee huyu ametuonyesha kwamba mawazo hayaishi kwa kunyamaziwa. Ukipata mtu mmoja wa kumwambia uko wapi, nusu ya njia umeshatoka.

Tangu mwandamo wa Shaaban tumemwona naye hali vizuri. Hata kaa amewaacha. Kukoroma kumekoma, maana halali. Jumanne Kibwana alimfuata akamuuliza bila kuzunguka, na Mzee akakiri: miaka thelathini na mmoja amelala akisikia maji, hajui mtu wa nchi kavu hulalaje, na huko Mahege hana wa kumwita. Kibwana hakumpa nasaha. Alikwenda kwa Bwana Miti akaomba siku saba, akapewa. Kesho kutwa ndiye atakayeendesha mtumbwi wa kumpeleka. Atakaa naye usiku wa kwanza na kila unaofuata katika siku hizo, usingizi uanze kuzoea, na baada yake tumepanga zamu. Kila mwandamo mmoja wetu atapanda Mahege, kula wali mpya na kusikiliza kisa cha kiboko mpaka mwisho.

Mzee Mshamu, tunakushukuru kwa kila jina uliloita. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mpunga mzito, ndege wachache na siku nyepesi. Ukiamka na moyo unakwenda mbio, usione haya: paza sauti yako kubwa hiyo. Sisi tutaitikia.